Futi Saba za Melkiori

Tangu nilipokabidhi funguo za karakana, haijapita wiki bila vijana niliowaachia kunipigia simu. "Mzee Rajabu, chumba hiki kimekataa." "Mzee Rajabu, picha imelala upande." Najibu, na chai yangu inapoa. Sasa nimeamua kuandika, ili mkikwama msome. Mkishasoma mkakwama tena, msinipigie. Nendeni mkapime upya, maana nina hakika mlipima kwa macho.

Sitasema habari za vyeo. Katika karakana ya watu watatu mkubwa ni yule anayekaa karibu na dirisha, na mimi nilikaa karibu na dirisha miaka mingi. Nitasema habari za vyumba, kwa sababu kazi yetu, ingawa watu huiita kazi ya umeme, ni kazi ya vyumba. Mtambo wa kuonyeshea picha ukutani hauna shida. Unaagizwa, unafika, unawaka. Chumba ndicho chenye tabia.

Nilianzia Majengo, kwenye kibanda cha Mzee Idi nyuma ya msikiti, katikati ya miaka ya themanini. Ndio wakati bidhaa zilipoanza kurudi madukani, na televisheni nazo zikaanza kuingia kupitia mpaka wa Tarakea, nyingine zimefichwa ndani ya magunia ya maharage. Kituo cha televisheni cha kwetu hakikuwepo bado. Watu walinunua televisheni kwanza, vipindi wakavisubiri baadaye, na katika kusubiri huko waliziwekea vitambaa vya kufuma na maua ya plastiki juu. Fundi aliitwa kwa sababu mgeni ameuliza mbona haionyeshi kitu, na mwenye nyumba ameona aibu.

Mzee Idi alikuwa ameendesha mtambo wa sinema mjini tangu ujana wake, mpaka jumba lile likafungwa. Siku yangu ya kwanza nilitegemea nitashika bisibisi. Badala yake alifunga mlango, akawasha tochi kuelekea ukutani, akatoa unyoya wa kuku mfukoni na kuupitisha mbele ya tochi.

"Umeona nini?"

"Unyoya, mzee."

"Usitazame mkono wangu. Tazama ukutani. Umeona nini?"

Ukutani palikuwa na kitu kikubwa chenye majani, kinayumba.

"Mgomba," nikasema.

"Haya. Kati ya taa na ukuta pasipite kitu. Hata unyoya. Ukishika hilo, mengine utajifundisha mwenyewe."

Masomo yakaishia hapo, nikapewa ufagio. Sikujua alikuwa amenipa kanuni ambayo ningeishika miaka yote, na ambayo siku moja ingeniponza mbele ya ukoo mzima.

Chombo alichonifundisha, na ambacho ninyi mnakicheka, ni uzi wa cherehani. Unafunga uzi mahali taa itakapokaa, unauvuta mpaka kila pembe ya picha, pembe zote nne. Uzi usipogusa kitu, mwanga nao hautagusa. Mke wangu ni fundi cherehani, na katika ndoa yetu hakuna ugomvi uliodumu kama ule wa nani amechukua kigurudumu cha uzi mweusi. Nawaambia ukweli, hakuna kifaa cha kisasa kilichonifaa kama uzi ule, na haukuhitaji betri.

Nilijifunza thamani yake kwa kutoutumia. Mama mmoja wa Pasua alifungua chumba cha video, akaleta mtambo mkubwa wa taa tatu, nyekundu, kijani na buluu, wenye uzito wa ndama. Nikapima kwa hatua, nikaona chumba kinatosha, nikafunga. Jioni watazamaji walipokaa ndipo nilipogundua kwamba chumba kina nguzo katikati. Si kwamba sikuiona. Niliiona, hata koti langu nilikuwa nimelitundika pale pale. Ila kichwani niliipima kama sehemu ya ukuta. Robo ya picha ikawa kwenye nguzo, na waliokaa nyuma yake waliisikiliza filamu kama taarifa ya habari. Yule mama hakunifokea. Aliniletea kiti, akakiweka nyuma ya nguzo, akasema, "Karibu utazame kazi yako, fundi." Nikaitazama nguzo ile saa mbili nzima. Kesho yake nilinunua uzi.

Sasa nifike kwenye kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kushika. Ilikuwa Rombo, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wakati ambapo simu za mkononi mlimani zilishika mtandao ukisimama tu juu ya jiwe maalumu, na kila kijiji kililijua jiwe lake.

Aliyeniita ni Aloyce, mfanyabiashara wa vipuri Dar es Salaam. Kama ilivyo desturi ya watu wa huku, Krismasi lazima arudi nyumbani, na kama ilivyo desturi pia, alikuwa akijenga kihambani, kwenye shamba la ukoo wao, nyumba ambayo ilikuwa inaisha kila Desemba na haijaisha. Alikuja karakana na boksi. Ndani yake mlikuwa na projekta mpya, nyeupe, ndogo kama mkate. Baada ya yule ndama wa Pasua niliona aibu kuibeba kwa mikono miwili.

"Fundi," akasema, "nataka sinema sebuleni kabla ya Krismasi. Si kwa ajili ya mpira. Ni kwa ajili ya mama."

Mama yake aliitwa Yudita. Alikuwa na presha ya macho. Jicho la kulia lilikuwa limeshafunga, la kushoto lilikuwa linafuata, na daktari alishasema wasitegemee Krismasi nyingine. Mumewe, Mzee Severini, alikuwa amefariki miaka mitano nyuma. Katika dunia hii palikuwa na mkanda mmoja tu wa video wenye sura yake, ambao Aloyce aliurekodi Krismasi ya mwisho ya baba yake. Mama alikuwa amewekewa mkanda ule kwenye televisheni mara nyingi, pua imegusa kioo, na kila mara alisema jambo lile lile: "Naona kitu kama siafu kimesimama mlangoni."

Nilipomsalimia siku ya kwanza, tarehe ishirini na mbili, alinishika mkono akauvuta mpaka usoni kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi? Sikiliza. Sitaki mume wa kwenye kisanduku. Nataka awe na ukubwa wake."

Nikamuuliza ukubwa wake ulikuwa gani. Akaupandisha mkono juu ya kichwa changu, akaongeza kidogo. "Hapo."

Kazi yoyote huanza na kipimo, na hicho ndicho kipimo cha kazi ile. Mtu mzima amesimama ukutani kwa kimo chake ni picha ya futi sita kwenda juu, na ikiwa sita kwenda juu ni nane kwenda pembeni. Kwa projekta ile, picha ya futi nane ilitaka taa ikae futi kumi na sita kutoka ukutani. Nikatoa tepu, nikaingia sebuleni, nikakaa chini kwenye ngazi.

Nasema kwenye ngazi kwa sababu ngazi ndiyo iliyokuwa katikati ya sebule. Ramani ya nyumba ile ilichorwa Dar na mtu aliyeambiwa kiwanja ni cha mraba. Kihamba cha Aloyce kilikuwa chembamba kama mkanda wa suruali. Fundi mwashi hakutaka kubishana na ramani, akaikamua mpaka ikaingia. Sebule ikatoka na urefu wa futi ishirini na mbili, na upana wa futi tisa upande mmoja na sita upande mwingine. Urefu ungenitosha kabisa, lakini ngazi ya kwenda ghorofani, ghorofa ambayo haikuwepo bado, ilikuwa imetua katikati na kukigawa chumba kama ukuta. Ukuta uliobaki mtupu ulikuwa mmoja tu, wa upande mrefu, pale chumba kilipokuwa na upana wa futi tisa. Ukuta wa mbele yake ulikuwa na dirisha pana, bado halina nondo wala vioo. Tisa toa kwenye kumi na sita ni saba. Nilikuwa nimepungukiwa futi saba, na hazikuwa ndani ya nyumba.

Nikajaribu kioo kwanza. Kioo kilitoka kwenye kabati la nguo la Aloyce. Taa nikaiweka karibu na ukuta wa picha, nikaielekeza kwenye kioo dirishani, kioo kikarudisha mwanga, na njia ikawa ndefu mara mbili. Tukaziba dirisha kwa mablanketi mchana, nikamwita mama. Picha ilikuja kubwa, na pacha mwenzake hafifu kando. Kisha mzee kwenye picha akafanya ishara ya msalaba. Kila kitu kilikuwa kimegeuka, kulia kushoto.

Mama Yudita alikuwa ameinama mbele kwa nguvu zake zote. "Huyo anayesali kwa mkono wa kushoto ni nani?"

"Ni baba, mama," Aloyce akasema.

"Baba yenu hakuwa mpagani. Ondoa."

Nikaondoa. Hapa lazima niungame jambo. Projekta ile ilikuwa na kitufe kwenye rimoti cha kugeuza picha. Kitabu chake kilikuwa kwa Kijapani, na kitufe hicho nilikigundua miaka miwili baadaye, kwa kidole kuteleza, nikiwa kwenye kazi nyingine mjini. Siku hiyo niliomba maji ya kunywa. Kioo kizuri na kitufe kile, na yote nitakayoyasimulia yasingetokea. Aloyce sijamwambia mpaka leo, na ninyi msimwambie.

Bila kioo ilibaki njia moja, taa kukaa nje. Nikafunga uzi kwenye msumari wa ukutani, nikauvuta mpaka dirishani, nikatoka kupitia dirishani, nikaendelea kurudi nyuma huku nikisoma tepu. Futi tatu nje ya dirisha uzi ukagusa majani. Nikainua macho. Ulikuwa mstari wa masale, yale majani marefu mabichi ambayo Wachagga hupanda mpakani, na ng'ambo ya masale, kama futi tatu hivi, palikuwa na banda la mbao. Mlangoni mwa banda alisimama mtu mwenye panga la kukatia mikungu.

"Wewe ni mpima?" akauliza.

"Hapana, mimi ni fundi."

"Fundi gani anayevuta kamba mpakani kwa watu siku tatu kabla ya Krismasi?"

"Fundi wa picha."

"Picha gani ina tepu?"

Huyo ndiye Melkiori, kitinda mimba wa nyumba ile. Kwa mila za huko mtoto wa mwisho hubaki kwenye nyumba ya wazazi, kwa hiyo mama alikaa kwake. Ndugu hawa wawili walikuwa hawajasemeshana tangu baba yao azikwe. Aloyce alisema masale yalipaswa kukaa hatua moja zaidi kuelekea kwa Melkiori. Melkiori alisema yalipaswa kukaa hatua moja zaidi kuelekea kwa Aloyce. Wazee wa ukoo walikuja mara tatu, wakanywa mbege, ile pombe ya ndizi, wakasema kila mmoja ana hoja, wakaenda zao. Sasa Melkiori alikuwa amemwona mtu mgeni anatoka kwa dirisha la kaka yake na tepu na uzi, anakuja moja kwa moja mpakani. Mimi mwenyewe ningeshika panga.

Nilimweleza. Alipinga mpaka nilipotaja mama na jicho la kushoto. Akaligeuza panga mkononi, akalichomeka kwenye mgomba.

"Zinatakiwa futi ngapi?"

"Saba kutoka dirishani. Zinaishia ndani ya banda lako, kwenye lile tundu la hewa."

"Mle mna ndizi zinazoivishwa za mbege."

"Nahitaji nafasi ya meza moja tu."

Hapo Aloyce akatokeza dirishani, na mazungumzo rasmi yakaanza. Walikuwa wametengana kwa hatua tatu, kila mmoja anaona ndevu za mwenzake, lakini wote walizungumza na mimi.

"Fundi, mwambie mwenye banda naomba meza moja, siku moja."

Nikageuka. "Anaomba meza moja, siku moja."

"Nimesikia. Mwambie aliyekutuma kwamba mashine ikilala kwangu nitailinda mimi, na nitakaa nayo mimi."

Nikageuka. "Anasema—"

"Nimesikia. Muulize kama ataingia ndani kutazama na wenzake au vipi."

Nikageuka. Melkiori hakusubiri. "Mwambie mguu wangu hauingii kwake. Nitatazama kutokea kwangu, kwa tundu langu."

Shingo iliniuma siku mbili. Lakini walikubaliana, na wote walinipa mkono, mimi, kana kwamba ndimi niliyekuwa na ugomvi. Melkiori aliniongezea kazi: kwa kuwa nilikuwa Mwislamu pekee katika eneo lile, nitamchinja mbuzi wa Krismasi ili na mimi nipate kula. Nikawa fundi wa mtambo na mchinjaji.

Siku iliyofuata tulihamisha mikungu, tukapanga meza ndani ya banda, projekta juu yake na deki ya video pembeni, waya wa spika ukavuka kwenda ndani. Tarehe ishirini na nne alasiri nilifunga uzi kwa pembe nne, kwa utaratibu wote wa Mzee Idi. Uzi wa juu kushoto, safi. Juu kulia, safi. Nyuzi mbili za chini ziligusa masale. Nikawasha taa nijaribu, dirisha tumelizungushia mablanketi kama hema mpaka bandani. Ukutani mwa Aloyce, mahali atakaposimama Mzee Severini, palikuwa na msitu.

Kati ya taa na ukuta pasipite kitu. Hata unyoya. Nililiona panga la Melkiori kwenye mgomba, nikalichomoa, nikakata vichwa vya masale matatu.

Msinione mjinga. Nimezaliwa Majengo, na masale nayajua. Nilijua hayang'olewi. Nilidhani kupunguza si kung'oa, kama vile kunyoa si kuchinja. Kwetu mpaka ni ukuta wa jirani, na ukitoboka unaziba kwa bati. Sikuwa na habari kwamba kwa watu wale nilikuwa nimeikata kauli ya wafu waliolazwa pale pale kihambani.

Wa kwanza kupiga kelele alikuwa Melkiori. Wa pili Aloyce, aliyeruka dirisha. Walinijia kutoka pande mbili, na naapa kwamba kwa mara ya kwanza katika miaka mitano ndugu wale walikuwa na neno moja.

"Fundi! Umefanya nini?"

"Yesu na Maria! Umefanya nini?"

Nikawaomba radhi. Watu wakaanza kujaa, mashangazi, wajukuu, majirani waliokuja kuazima chungu. Jirani mmoja akanieleza kwamba radhi ya mdomo haitoshi. Lazima nichukue jani la sale, nilifunge fundo, nimpelekee niliyemkosea. Mtu akipelekewa sale hawezi kukataa kusamehe. Nikashukuru Mungu, maana majani nilikuwa nayo mengi. Nikafunga fundo.

"Nimpe nani?" nikauliza.

"Mimi," akasema Melkiori. "Ni masale yangu."

"Yako tangu lini?" Aloyce akamjibu moja kwa moja, amesahau kupitia kwangu. "Fundi, nipe mimi. Ni yangu."

Ndipo nikaona shimo nililochimba. Nikimpa Melkiori, nimeshuhudia mbele ya ukoo kwamba mpaka ni wake. Nikimpa Aloyce, vivyo hivyo. Wazee wa ukoo walishindwa mara tatu kwa mbege, na sasa kesi ilikuwa mkononi mwa fundi wa Majengo, kwenye jani. Mikono miwili ilikuwa imenyooshwa mbele yangu. Nilitamani Mzee Idi afufuke aniambie uzi unafungwa wapi katika hali kama hiyo.

Nasema kweli, sikuogopa kupigwa. Niliogopa kwamba Melkiori atafunga banda, Aloyce atafunga dirisha, na yule mama atabaki na siafu wake mlangoni kwa sababu yangu.

Mama Yudita akaja akiongozwa na mjukuu, fimbo mbele. Watu wakampisha.

"Nasikia sauti za watoto wangu wawili mahali pamoja," akasema. "Nani amekufa?"

Nikamweleza bila kujitetea. Akanyoosha mkono. "Lete hilo jani."

Nikampa. Akalipapasa, akalipata fundo, akalifungua. "Hujui hata kulifunga." Akalifunga upya, haraka, kwa vidole ambavyo havikuhitaji macho. Kisha akalinyoosha mbele yake, hewani, kati ya wanawe.

"Shikeni."

"Mama, aliyekosa ni fundi," Aloyce akasema.

"Fundi amekata majani tu. Anayeomba ni mimi. Mimi mama yenu nawaletea sale. Nani anakataa?"

Mzazi kumpelekea mtoto sale ni jambo ambalo mashangazi pale walikuwa wamelisikia, hawajaliona. Melkiori alishika ncha moja, Aloyce akashika nyingine, wote wawili wanatazama chini kama watoto waliovunja chungu.

"Siwaambii mpatane," mama akasema. "Mmekua. Nawaomba mpaka kesho jioni tu, nimwone baba yenu. Baada ya hapo gombaneni mpaka Pasaka."

Kisha akaniambia mimi, "Na wewe, fundi, rudisha panga la watu."

Siku ya Krismasi nilichinja, nikala nyama na ndizi, nikasali adhuhuri na alasiri karibu na banda. Saa moja na robo jioni giza lilikuwa limeshaingia. Sebule ilijaa kutoka ukutani mpaka kwenye ngazi, watu wamekaa hata kwenye vidato vyake. Mama aliwekwa mbele kabisa, hatua tatu kutoka ukutani, kando tu ya njia ya mwanga. Aloyce alisimama nyuma yake. Mimi nilikuwa bandani na projekta, na pembeni yangu Melkiori, amekaa kwenye kigoda chake cha kukamulia ng'ombe, jicho kwenye tundu.

Nikabonyeza deki.

Mzee Severini akasimama ukutani. Alikuwa na kimo chake. Amevaa koti la kanisani, kofia mkononi, mlangoni mwa nyumba yake.

Sasa lazima niwaeleze mkanda wenyewe. Aloyce alipourekodi, alimwambia baba yake, "Baba, simama hapo nikupige picha." Mzee wa watu alizijua picha za studio, ambazo ukitikisika zinaharibika. Akafanya ishara ya msalaba, akasimama wima, akatulia. Kwa dakika sita nzima hakusogea. Ungedhani ni picha ya kawaida, isipokuwa macho yalipepesa, na mara moja kuku akapita miguuni pake. Sauti ya Aloyce inasikika ikisema, "Baba, sema kitu," na mzee anajibu bila kufungua midomo vizuri, "Bado hujamaliza?"

Mama alikuwa ameinua uso. Nilimwona kwa nyuma tu, kitambaa chake cheupe kwenye mwanga wa picha. Dakika ya kwanza hakusema. Ya pili hakusema. Nikawaza labda ni siafu mkubwa tu.

Kisha nikasikia sauti yake, wazi, ya kulalamika, sauti ya mwenye nyumba aliyekuta mgeni hajahudumiwa.

"Ni Severini! Mbona amesimama muda wote huu? Hamwoni miguu yake? Mpeni baba yenu kiti!"

Hakuna aliyecheka. Ndani nikasikia kiti kinaburutwa sakafuni, na Aloyce akatokea kwenye mwanga, akakiweka ukutani, miguuni pa baba yake. Pembeni yangu Melkiori alikuwa ameshainuka. Alishika kigoda chake, akatoka bandani, akapita kwenye pengo nililolikata, akakitanguliza dirishani, akafuata mwenyewe, mguu wa kwanza na wa pili. Kivuli chake kikaujaza ukuta wote, kisha kikapungua, kikapungua, mpaka akawa mtu wa kawaida anayeweka kigoda chini kando ya kiti cha kaka yake.

"Sasa akae," mama akasema. "Amechoka."

Vile viti viwili vilimkata Mzee Severini kuanzia magotini kwenda chini. Kuku alipopita, hatukumwona. Mzee Idi angekuja juu, angesema vitolewe mara moja, na kwa kanuni angekuwa na haki. Nilikuwa na mkono kwenye deki, ningeweza kusimamisha mkanda, kwenda ndani, kuviondoa na kuanza upya.

Niliviacha. Na mkanda ulipofika mwisho, nikaurudisha nyuma, nikauanzisha tena na viti vikiwa palepale.